Siku Tatu za Kunyamaza

Foleni ya chakula katika ukumbi wa maonyesho wa San Jose ilikuwa haisogei, na Quyen Luong alikuwa na njaa ya tangu jana. Alivaa koti la mvua la manjano juu ya suruali nyeusi, nywele amezibana kwa kalamu, na kitambulisho cha kampuni yake, Tavilo, kikining'inia kifuani. Huku na huku watu walikuwa wamenyoosha kompyuta zao ndogo za kiganjani, zile za kalenda na anwani, wakirushiana kadi za majina kwa ule mwanga usioonekana.

"Dada, umenikanyaga," sauti ya kiume ilisema nyuma yake.

Quyen aligeuka. "Nimekukanyaga vipi na wewe uko nyuma yangu?"

"Basi utakuwa umenikanyaga kiroho."

Alikuwa kijana mrefu, suti ya kijivu bila tai, kope ndefu ambazo Quyen aliona mwanamume hana haki ya kuwa nazo. Kitambulisho chake kilisema Kamran Daneshvar, Idara ya Mipango, Pelora. Quyen akakunja uso.

"Pelora! Nyie ndio mlioshusha bei mwezi wa nane, tukakaa ofisini wikiendi tatu mfululizo."

"Na nyie mkatoa mashine ya kioo cha rangi wiki moja kabla ya yetu. Bosi wangu alirusha kikombe ukutani."

"Kilivunjika?"

"Ukuta ulivunjika. Kikombe kizima."

Quyen akacheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kamran alijaribu kumrushia kadi yake, mashine ya Tavilo ikaikataa ya Pelora, kama wenye mashine hizo walivyokuwa wakikataana sokoni kwa miaka minne. Quyen akampa kalamu yake ya plastiki. "Andika hapa kwenye kioo. Andika vibaya kadiri unavyoweza." Kamran aliparua jina lake kwa mwandiko wa kuku, na mashine ikalisoma bila kukosea herufi.

"Nani ameifundisha kusoma uchafu kama huu?"

"Mimi," Quyen alisema, na hakuficha majivuno. "Mimi na wenzangu kumi na mmoja. Miaka saba."

Mapenzi yao hayakuchukua muda. Kamran alikuwa mtu wa maneno matamu na simu za saa sita mchana. "Malkia, umekula?" "Nimekula, jasusi." "Umekula nini?" "Siri za Pelora, zina chumvi." Mama yake Quyen, aliyeishi naye upande wa mashariki wa mji, alianza kwa kununa kwamba kijana ni Muajemi na hajui kushika vijiti vya kulia. Siku Kamran alipomaliza bakuli mbili za pho, supu yao ya tambi, akaomba ya tatu, mama alianza kumwita mwanangu.

Siku ya kuzaliwa kwa Kamran, Quyen alimpa kompyuta mpya kabisa ya Tavilo, nyeusi, pacha na ya kwake.

"Unataka nifukuzwe kazi?" Kamran alinong'ona akiigeuzageuza.

"Nataka kila ukiangalia saa unifikirie."

Kamran akahamishia humo kalenda yake yote, akawa anaitembeza katika mfuko wa ndani wa koti, ofisini anaificha. Ulikuwa upumbavu wa mtu aliyependa, na Quyen aliufurahia.

Lakini biashara yenyewe ilikuwa inakufa. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kumeza kalenda na daftari za anwani, bei zinashuka kila mwezi, na mashine zilizorudishwa na wenye maduka zilijaa ghala la Tavilo hadi milangoni. Novemba ya 2002 mvua ilianza mapema. Wiki hiyo hiyo kampuni moja ya Seattle ikamwita Quyen. Walitaka aende akaanzishe kazi ya usomaji wa mwandiko kule, na aje na watu anaowataka. Alimpigia Kamran Jumanne mchana.

"Wanataka jibu Ijumaa. Kamran, wewe unafanya kazi ya kuona mbali. Niende au nikae?"

Kamran alisikika akifunga mlango kwanza.

"Kaa, laazizi."

"Una uhakika? Sisemi kwa sababu yako, nasema kazi."

"Timu yenu ndiyo moyo wa ile mashine. Hakuna mwenye akili timamu atakayeigusa. Kaa."

Ijumaa Quyen akaandika barua ya kuwashukuru watu wa Seattle na kukataa. Aliituma huku akitabasamu peke yake. Jumamosi Kamran alikuja kula chakula cha mchana, amebeba makomamanga kwenye mfuko wa karatasi. Alikaa mezani akichokoa tambi bila kuzipeleka mdomoni.

"Mwanangu, leo nimekosea chumvi?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kazi tu imenichosha."

"Basi wafukuze mabosi wako," mama alisema, na wote wakacheka isipokuwa yeye. Aliondoka mapema. Ile Tavilo yake aliisahau kwenye kigoda cha kuchajia cha Quyen, alikokuwa ameiweka alipofika.

Jumapili asubuhi, kama kila asubuhi, Quyen alibonyeza kitufe cha kile kigoda ili mashine yake inakiliwe kwenye kompyuta kubwa. Alikuwa akipiga mswaki. Aliporudi kuangalia kioo cha kompyuta, akakuta kalenda si yake, ni ya Kamran.

Tangu Agosti, kila Jumatatu na Alhamisi, neno moja: Mwerezi. Chini yake ofisi ya mawakili, na majina ya waliohudhuria. Nusu ya majina hayo yalikuwa ya wakubwa wa Tavilo, watu aliopanda nao lifti. Ijumaa jioni, siku aliyotuma barua yake, palikuwa na mstari mfupi: *Mwandiko, kufungwa. Watu 12.* Na Jumatano inayokuja: *Tangazo, saa 12 asubuhi, kabla soko la hisa halijafunguliwa.*

Pelora inainunua Tavilo. Quyen alikaa kitini na povu la dawa ya meno likimkaukia kidevuni. Kisha akapiga simu.

"Umesahau mashine yako."

"Umeifungua?"

"Imejifungua yenyewe kwenye kompyuta yangu. Mwerezi ndio nini, Kamran? Ndio sisi?"

"Quyen, mpenzi, nisikilize. Nilisaini karatasi. Kila anayejua kabla ya tangazo husaini. Huruhusiwi kumwambia mtu, hata mke wako. Ni jela. Kuna watu wamefungwa kwa neno moja waliloropoka kitandani."

"Jumanne ulijua?"

"Jumanne mlikuwa mmebaki! Wallahi, mimi mwenyewe ndiye niliyewaweka kwenye orodha ya wanaobaki, nimewapigania miezi mitatu. Ijumaa jioni wamegeuza."

"Na jana? Jana ulikula kwetu. Nilikuwa bado naweza kuwapigia Seattle."

Quyen alifuta povu kidevuni kwa kiganja.

"Jana ulijua, ukamwambia mama yangu umechoka na kazi."

"Naomba usimwambie mtu hadi Jumatano," Kamran alisema. "Nakuomba, Quyen. Maisha yangu yote yako mkononi mwako."

Quyen alikata simu. Alilia mpaka mchana, akachukia, akalia tena. Jumatatu mapema aliwapigia Seattle. Mwanamke wa kule alikuwa mpole. Walikuwa wamempa mtu mwingine nafasi hiyo Jumamosi usiku. Wangefurahi sana kama angepiga Jumamosi mchana.

Ofisini alimkuta Leopoldo Abad anamsubiri kwenye meza yake. Leopoldo alikuwa na miaka hamsini na minne, Mfilipino wa Milpitas, mkongwe kuliko wote katika timu. Ndiye aliyempokea Quyen akitoka chuoni na kumfundisha kazi, na tangu hapo Quyen humwita kaka Poldo. Leo alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi na kiatu cha kanisani.

"Mdogo wangu, tazama." Alipanga picha mezani moja moja. "Nyumba, mji wa Tracy. Vyumba vinne. Mbali, ndiyo, nitaendesha saa nzima na nusu kuja kazini, lakini ona uwanja! Saa kumi leo tunasaini. Mke wangu ameshachagua mapazia."

Quyen alizitazama picha. Sakafu ya mbao, dirisha la jikoni, mti wa ndimu. Ulimi wake ulikuwa tayari. Maneno mawili tu, usisaini leo, yangetosha. Lakini Leopoldo angeuliza kwa nini. Angemwambia mkewe, mkewe angemwambia kaka yake mwenye hisa za Tavilo, na kabla ya Jumatano mtu fulani mwenye kitambulisho cha serikali angekuwa anagonga mlango wa Kamran. Alimwona Kamran mahakamani na ile suti ya kijivu. Alimchukia, na bado alimpenda.

"Hongera, kaka Poldo," alisema.

"Ndio hivyo tu? Sura gani hiyo? Nikualike chakula cha kwanza Tracy?"

"Nialike."

Siku tatu, Jumapili hadi Jumanne, aliishi hivyo, akijibu salamu, akipitia kazi ambayo alijua itatupwa, akikwepa macho ya watu kumi na mmoja.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi redio ikasema. Saa tatu wakakusanywa mkahawani, na mtu wa Pelora mwenye meno mazuri akasema sasa ni familia moja. Saa nne wakagawiwa maboksi matupu. Leopoldo alipanga vitu vyake polepole: kamusi, picha ya harusi, chungu cha mmea. Hakulia. Alisema tu, akiwa amempa Quyen mgongo, "Ningejua Jumatatu tu. Jumatatu saa tisa tu ningejua."

Kamran alipiga simu mara thelathini wiki hiyo. Jumamosi Quyen alikubali waonane katika duka la chai karibu na Story Road, penye kelele za wanafunzi na harufu ya sukari iliyoungua. Mvua ilikuwa inapiga vioo. Kamran alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na alifika na sanduku dogo la mahameli akaliweka mezani kabla hajakaa vizuri.

"Usiseme kitu kwanza," alisema. "Nimepewa nafasi moja. Moja tu, na nimesema ni yako. Utarudi kazini. Na hili," akalisogeza sanduku, "nilinunua mwezi wa tisa. Nioe, Quyen. Yaani... nikuoe. Ona, hata maneno yamenikimbia."

Quyen alitaka kucheka. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukamfuta tone la mvua shavuni.

"Ungerudi Jumamosi ile, mezani kwa mama, ungeniambia?"

Kamran alifikiri. Hakudanganya, na Quyen alimpenda zaidi kwa hilo.

"Nisingekuambia. Nilisaini."

"Basi sikia na mimi. Wewe ulinyamaza kwa sababu ya karatasi. Mimi nilinyamaza kwa sababu yako. Jumatatu kaka Poldo alinionyesha picha za nyumba nikamwambia hongera. Kila nikikuangalia namwona amevaa kile kiatu cha kanisani."

"Hukuwa na la kufanya, mpenzi."

"Nilikuwa nalo. Sasa naenda Tracy kumwambia. Twende wote. Tukirudi, nitaivaa hiyo pete."

Aliona macho yake yakiwaka kidogo, kisha yakizima.

"Quyen, nikikiri mbele ya mtu wa tatu kwamba siri ilitoka kwangu... Akienda kwa wakili, nimekwisha. Subiri mwaka upite. Mwaka mmoja tu, nitakwenda kwa magoti."

"Sitaki magoti. Nataka uje leo."

Kamran alikivuta kikombe chake akakikumbatia kwa viganja. Wanafunzi wa meza ya pili walipasuka kicheko kwa jambo lao. Quyen alisubiri hadi chai ikapoa, kisha akalisukuma sanduku taratibu mpaka likagusa vidole vya Kamran.

"Kunywa chai," alimwambia. "Umekonda."

Aliendesha gari peke yake kupita mlima wa Altamont, mvua ikiwa nzito kiasi kwamba mitambo ya upepo ilionekana miguu tu. Alilia hadi kwenye mteremko wa upande wa pili, kisha akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Nyumba ilikuwa na maboksi hadi barazani. Leopoldo alifungua mlango akiwa na bisibisi mkononi, uso wote ukafurahi.

"Mdogo wangu! Mvua yote hii? Ingia, ingia, viatu usivue, sakafu bado chafu. Umekula?" Akageuka kumwita mkewe. "Mama, Quyen amekuja! Nilisema atakuja!"

"Siingii kwanza, kaka Poldo."

"Kwa nini?"

"Jumatatu ulipoweka zile picha mezani kwangu, nilikuwa najua. Nilijua tangu Jumapili."

Leopoldo aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha bisibisi ikashuka polepole ubavuni mwake.

"Ulijua nini?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa.

Quyen akamweleza yote, amesimama mvuani, bila kulitaja jina la Kamran. Kutoka jikoni mkewe alikuwa akiita aambiwe aweke sahani ngapi mezani, akaita tena, na hakuna aliyemjibu.