Pigo la Pili

Kijiti kilirudi mapema. Hilo ndilo jambo ambalo Kelele angepaswa kuliogopa, na ndilo hasa lililomfanya azichukue dramu zile.

Alikuwa ameshinda dukani tangu asubuhi, akikalia kiti hiki na kile, akigonga seti moja baada ya nyingine na kuzitia kasoro zote. Hii inadunda kama mpira wa watoto. Hii toazi lake la plastiki, ukilipiga linanyamaza kama mtu aliyenuna. Hii nayo ni sufuria zilizotundikwa kwenye bomba. Yeye alitaka dramu za umeme zenye sura ya dramu za kweli: mapipa ya mbao ya ukubwa kamili, matoazi ya chuma, na nyuso za wavu ambazo mkono ungeziamini. Mwisho mama muuzaji akampeleka nyuma kabisa ya duka, kwenye seti nyekundu ambayo hata kwenye umeme haikuwa imechomekwa. Kelele akaigonga mara moja ile ndogo inayokaa kati ya magoti. Kijiti kikamrudia mkononi kabla hajakivuta.

"Hii ina mtu ndani," akasema, akicheka.

Muuzaji hakucheka. Alimwambia seti hiyo wamekwisha kuirudisha wateja watatu, na hakuna hata mmoja aliyesema kwa nini. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akamtajia kasoro aliyoiona mwenyewe: wakati mwingine unapiga mara moja, inatoa mara mbili. Kelele akamwambia huo ni ugonjwa wa kawaida wa dramu za umeme, unapunguza wepesi wake wa kuhisi kwenye kisanduku cha sauti na mambo yanaisha. Kazi yake aliijua, huwezi kumnyima hilo.

Alizihitaji kwa sababu mbili. Bendi ya hoteli moja kubwa ilikuwa inatafuta mpiga dramu, na hoteli yenyewe haikutaka makelele, ila wageni wake walitaka kuona dramu jukwaani. Sababu ya pili ilikuwa mama mkwe.

Jina la Kelele alipewa na mama mkwe huyo, siku alipokwenda kujitambulisha. Yule mama alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akamwuliza binti yake kama hii kelele ndiyo aliyowaletea. Watu wakacheka, jina likaganda, hata mkewe akawa analitumia kwa mapenzi. Sasa mama alikuwa amepigwa na kiharusi na kuhamishiwa nyumbani kwa Kelele. Chumba cha mazoezi kilikatwa katikati kwa ukuta wa mbao: upande huu kitanda cha mgonjwa kikiegemea mbao, upande ule dramu.

Mwili wote ulikuwa umemsaliti. Jicho moja lilifumba, la pili lilitiririka machozi mchana kutwa bila sababu, na mdomo ulikaa wazi saa zote. Kilichobaki kikimtii ni kidole kimoja cha mkono wa kulia. Aligongea nacho ubao wa kitanda, chini ya blanketi: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Muuguzi aliwaonya wasimtie kitu mdomoni, hata kijiko cha maji, kabla hawajamwuliza na yeye kugonga mara moja. Koo lake lilikuwa dhaifu, na asipojiandaa kumeza, chakula kitaingia kwenye mapafu. Wakaachiwa na daftari la kuandika kila mlo; wa mchana ulikuwa zamu ya Kelele, mkewe akiwa kazini.

Ndiyo maana nyumba nzima ilikuwa kimya. Kelele alivaa hedifoni na kupiga dramu zake zisizosikika, na mama alizungumza kwa kidole.

Jumatatu mama alikataa kifungua kinywa. Akakataa mchana, akakataa na jioni. Mkewe Kelele, mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea watoto wagumu wa kula, alimbembeleza, akambadilishia supu, akamwuliza tena. Kila mara zikaja mbili. Chumbani kulikuwa na harufu ya ngozi mbichi iliyoanikwa siku ya mawingu. Mwalimu akadhani ni vidonda vya mgongoni, akamwosha mama yake mara mbili.

Jumanne asubuhi Kelele alikuwa amekaa kwenye dramu, hedifoni shingoni, akimsikia mkewe ng'ambo ya mbao akiuliza, "Mama, unywe maji kidogo tu?" Pigo la kwanza likaja, dogo, la mfupa, la kidole kilichochoka. Kisha la pili likaja, safi, la kijiti, na halikutoka kitandani. Lilitoka mbele ya magoti yake, kwenye ile dramu ndogo, na kwa macho yake akaona wavu ukibonyea katikati kana kwamba kuna ncha imeugusa, ukarudi, ukatulia, huku vijiti vyake vyote viwili vikiwa sakafuni na waya wa umeme ukiwa umechomolewa tangu jana. Na lililomtoa jasho ni kwamba pigo lile alilifahamu. Lilikuwa la mkono wake wa kushoto, wenye uzembe mdogo wa kuchelewa ambao hakuna mtu mwingine duniani anao. Limejifunza kwake.

Basi mama alikuwa anasema ndiyo. Tangu jana kutwa alikuwa akisema ndiyo, na kitu kilikuwa kinamwongezea.

Mtu mwingine angepiga ukelele. Yeye, ambaye jina lenyewe ni Kelele, alinyamaza. Alisubiri mkewe afute machozi, afunge mlango na kwenda kazini, kisha akaiinamia ile dramu.

"Mwache," akanong'ona.

Ikagonga mara mbili.

"Unamtaka yeye?"

Mara moja. Kelele akasubiri la pili, halikuja. Hapo ndipo alipopaswa kusimama, kuvunja, kuchoma, kumkimbilia mkewe barabarani, na ninamlaumu kwa sababu alikuwa na miguu miwili mizima. Badala yake alikumbuka nusu ya chumba iliyokatwa, akakumbuka bendi ya hoteli inayowasikiliza wapiga dramu Jumamosi, akakumbuka macho yale yakimpima kuanzia viatu, na akasikia mdomo wake mwenyewe ukiuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Nikinyamaza, nitapata nini?"

Swali lile halikuwa la ndiyo wala hapana, kwa hiyo halikujibiwa. Lakini alipovaa hedifoni na kushika vijiti, alipiga kama hajawahi kupiga maishani. Mikono ilijua kabla yake, miguu ilijua kabla ya mikono, na kila pigo lilimrudia likiwa na joto, na alipozinduka ilikuwa saa nane na saa ya kumlisha mama imepita. Aliandika kwenye daftari: *Amekataa.* Hakuwa hata amemwuliza.

Alijiambia atasema kesho.

Jumatano mwalimu alimleta daktari. Daktari akainama, akamwuliza mgonjwa mwenyewe kama anataka kupelekwa hospitali akatundikiwe maji. Mara mbili. Akamwuliza tena polepole. Mara mbili. Akaandika kwamba mgonjwa ana akili timamu na amekataa, akamshika mwalimu bega, akamwambia wazee wengine hufika mahali wakachoka, tuwaheshimu. Kelele alikuwa amesimama mlangoni ameshika koti la daktari.

"Kwa nini anatufanyia hivi?" mkewe alimwuliza jioni. "Nimemkosea nini?"

Akamwambia hajamkosea chochote. Hilo lilikuwa kweli.

Alhamisi mchana, akiwa peke yake nyumbani, aliingia na bakuli la supu. Sijui kwa nini alilifunua blanketi. Labda alitaka akione kidole kikigonga mara mbili, apate kitu cha kujidanganyia. Mkono ulikuwa umebaki fito, na kidole kikiwa kimekwisha kuchubuka kwenye ubao hadi nyama. Akauliza, "Mama, unataka kula?" Kidole kikainuka, kikashuka, mara moja tu, mbele ya macho yake, na jicho lile moja likamtazama yeye, si dari, si bakuli, likamtazama na kusubiri, na nyuma ya mbao pigo la pili likaja, taratibu, na jicho halikugeuka hata kidogo kutafuta lilikotoka, kwa sababu mama alikwisha kujua zamani, na sasa alijua pia kwamba mkwewe anajua. Supu ilikuwa ya moto bado. Mdomo ulikuwa wazi.

Alimfunika, akamwaga supu kwenye sinki, akaandika kwenye daftari.

Ijumaa mchana mama alikata roho. Jumamosi walimzika, na bendi ya hoteli ikamchukua mtu mwingine.

Siku tatu baada ya mazishi mwalimu aliingia kukunja matandiko. Alikaa kitandani, na kwa kuwa alikuwa amezoea, akauliza hewani, "Mama, ulikuwa umetuchoka?" Mbao zikagongwa mara mbili. Hakupiga kelele. Alitoka polepole, akavuka mtaa, akarudi na mganga.

Mganga mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, utepe wa kupimia nguo bado ukiwa shingoni. Alinusa chumba, akazunguka kwenye dramu, akarudi. Alisema ni jini, linakaa mle ndani, na kulitoa hakuhitaji hata nusu saa. Lakini jini la namna hii likishapata lililolitaka halina tena sababu ya kudanganya. Kama kuna la kuuliza, aulize sasa.

"Ila mwanangu, uliza tu lile unaloweza kuishi nalo."

Walikuwa watatu mle chumbani: mwalimu kitandani, mganga kwenye kona, na Kelele ameegemea mbao, mikono nyuma.

"Mama alikuwa anataka kula?" mwalimu akauliza.

Pigo moja. Wakasubiri. Hakukuwa na la pili.

"Siku zote zile?"

Moja.

Mwalimu aliziba mdomo kwa kiganja, akatikisika mabega, na ilichukua muda mrefu kabla hajautoa mkono. Alipoutoa, hakuwa anatazama mbao. Alikuwa anafikiria nani alikuwa akishinda nyumbani, nani alikuwa akilisha mchana, na mwandiko wa nani ulikuwa kwenye lile daftari.

"Mume wangu alijua?"

Pigo moja likaja, zito, na kabla kimya hakijatulia likafuata la pili. Mwalimu akashusha pumzi. Hata rangi ilimrudia usoni.

Mganga alikuwa hatazami mbao. Alikuwa anatazama kiwiko cha Kelele.

"La kwanza ni la jini," akasema. "La pili limetoka kwa huyu. Nimemwona akigonga kwa nyuma."

Kelele akafungua mdomo, akasema amejikwaruza tu, akasema mbao zimelegea, akasema mke wangu. Mkewe hakumwinulia sauti. Alimwuliza jambo moja, kama anavyowauliza wanafunzi wake: "Siku ngapi?"

Nyuma ya mbao dramu ndogo ikagongwa, bila haraka, kwa mkono wa kushoto unaochelewa kidogo. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Mganga akavua utepe shingoni, akakunja mikono ya gauni. Alisema yuko tayari, watoe viti, alitoe jini liende zake.

"Liache kwanza," mwalimu akasema, akisogeza mto wa mama yake pembeni ili akae vizuri. "Bado nina maswali."