Toga ya Marehemu Bisimwa

Ni mwizi wa namna gani anayechukua toga kuukuu na kuacha kompyuta mbili mezani? Jumatatu asubuhi, mbele ya kabati lililokutwa wazi na tupu katika ukumbi wa kitivo, kwenye kilima kinachotazama ziwa, Aurore alijiuliza swali hilo.

Toga hiyo, joho la kitaaluma, ilikuwa ya marehemu Profesa Bisimwa, mwanzilishi wa kitivo. Ijumaa angevishwa asistanti, yaani mhadhiri msaidizi, aliye bora katika kozi ya maadili na uongozi, naye angepata nafasi ya kuandika tasnifu ya udaktari chini ya profesa mgeni, Déogratias Mugisho. Wote waliamini atakuwa Élie, kijana wa Kamituga. Wa pili alikuwa Aurore.

Profesa Déogratias alikuwa mwanafunzi wa Bisimwa kabla ya kuhamia Ulaya. Katika somo lake la kwanza aliwachekesha maasistanti kwa kumbukumbu za ukumbi uleule: mandazi ya Kadutu yaliyogawanywa kwa watu wanne, tasnifu zilizosomwa kwa mshumaa, milango mizito ya makabati waliyoiinua kwa goti ili wasimwamshe mzee aliyesinzia baada ya chakula. Alipokuwa akisimulia, sauti yake ilipungua, na kwa kitambo alionekana kijana kuliko wao.

Mkuu wa kitivo, Madame Ghislaine, alianza kuwahoji palepale mbele ya kabati.

“Élie, jana mulinzi alikuona na ufunguo wa hii kabati.”

“Iko pamoja na ufunguo wa salle, madame. Kule nakaa, Bagira, courant ya umeme ilikatika, nikakuja kusoma hapa. Nikairudisha ku musumari.”

“Na kisha?”

“Kisha nikaenda kulala.”

“Kama toga haionekane kesho, jina lako linatoka ku kozi.”

Profesa Déogratias, aliyekaa karibu na dirisha, alifungua kinywa kana kwamba anataka kusema, kisha akatazama ziwa.

Walipotawanyika, Aurore alifunga kabati, akalifungua tena. Mlango wake ulikuwa umelegea bawabani. Uliburuzika sakafuni na kuchora tao jeupe juu ya nta nyekundu iliyopakwa Jumamosi. Aliinama. Mbali na mkwaruzo aliouchora sasa hivi, nta ilikuwa laini kama kioo. Akamwita Élie.

“Fungua hii.”

Élie alivuta. Mlango ulilia na kuchora tao la pili.

“Hii mulango inanichukia tangu siku ya kwanza,” alisema.

“Acha ikuchukie. Inakusaidia.”

Alasiri Aurore alishuka mtaa wa Nguba, kwa mjane wa Bisimwa. Maman Colette, aliyewahi kukiomba chuo toga hiyo, alimmiminia chai kabla ya kumsikiliza.

“Mutoto yangu, unakuja kuniuliza kama niliiba nguo ya bwana yangu?”

“Maman, watu wanakumbuka kama muliiomba.”

“Niliiomba mbele ya watu, siku ya kumaliza kilio. Tuligawanya nguo zake zote, kila mutoto yake moja. Ba asistanti bake pia, juu alikuwa anabaita batoto. Chuo kikakatala na toga, nikaachana nayo.” Alizungusha kikombe. “Kulikosa Déo tu, huyu Prof wenu. Visa ilimukatalia. Alilia ku telefone mupaka crédit ikaisha. Hakukuwa tena nguo ya kumuwekea.”

Aurore hakumaliza chai yake. Alipanda kilima polepole, akitamani kuwa amekosea.

Jumanne asubuhi, mada ya somo ilikuwa ujasiri wa kiongozi. Madame Ghislaine alikuwa ameketi nyuma. Élie alikuwa amekwisha kukusanya vitabu vyake.

“Prof, samahani,” Aurore alisema. “Chaki niliiweka mu kabati.”

Profesa aliinuka, akiendelea kueleza. Alizungusha ufunguo, akaweka goti chini ya mlango, akauinua. Kabati lilifunguka bila sauti. Sakafuni palibaki mikwaruzo miwili tu ya jana.

Alikatiza maelezo yake, akaitazama sakafu kabla hawajamwambia lolote.

“Sisi wote tunakwaruza, Prof,” Aurore alisema. “Mwenye alibeba toga hakukwaruza.”

Profesa alibaki ameshika chaki.

“Jumapili nilikuja kuiangalia tu,” alisema hatimaye. “Ilikuwa ingali inanukia tumbaku yake. Kila mutoto iko na nguo ya Papa. Mi sina. Na Ijumaa nilikuwa nitaivalisha mutu mwenye hata hakumujua Papa.”

“Na Élie?”

“Jana nilitaka kusema. Nikaona haya. Nikajiambia, nitasema kesho.” Aliutazama mkoba wake kando ya meza. “Iko mule ndani.”

Élie alicheka kidogo, bila furaha. “Na leo tulikuwa tunasoma ujasiri.”

Madame Ghislaine alikuwa amekwisha kusimama. “Basi, toga imeonekana. Élie anabaki ku kozi, bila kelele. Hii kozi tuliingoja sana. Aurore, rekta wa chuo akisikia ataifunga, na wewe pia unapoteza nafasi.”

Aurore alimtazama profesa aliyewafanya wapende miaka ambayo hawakuiishi. Macho ya profesa yalikuwa na maji, naye hakuyafuta.

“Élie aliitwa mwizi mbele ya sisi wote,” Aurore alisema. “Mi naenda naye kwa rekta saa hii. Prof, mutakuja na toga ao mutabaki, hiyo ni yenu. Kama kozi inafungwa, ifungwe. Sisi tunaenda.”