Tuta la Nyuma ya Jikoni

Uvumi ule Mwikali aliusikia kwenye foleni ya maji Jumatatu asubuhi, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Walisema kwamba wakulima wa kando ya mfereji, huku Matuu, hawali mboga wanazouza. Titus, aliyekaa naye dawati moja katika Gredi ya Sita, aliubeba hadi darasani.

"Sukuma wiki za kina Mwikali," alisema, "viwavi huzipitia mbali kama boma lenye mbwa mkali."

Darasa zima likacheka. Mwikali naye alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kuacha.

Jioni mama yake, Kamene, alimtuma mboga za kupika, na kama kila siku alimwambia achume kwenye tuta dogo nyuma ya jikoni. Mwikali alisimama pale na kisu mkononi. Majani ya tuta hilo yalikuwa na matundu matundu. Kule chini shambani, sukuma za kuuza zilikuwa pana na laini, bila tundu hata moja. Miaka yote alidhani wanachuma hapa kwa sababu ni karibu. Alitaka kuuliza, akaogopa jibu.

Jumanne Kamene alivaa koti kuukuu la mvua, akajifunga leso usoni, akabeba pampu ya dawa mgongoni. Susu, nyanya yake Mwikali, hupenda kusimulia kwamba enzi zao walirusha jivu na kuokota viwavi kwa mkono. Baadaye dawa ikaja, ikapigwa mara moja moja, wadudu wakionekana. Siku hizi Kamene alipiga kila Jumanne, wadudu wawepo wasiwepo, kwa kuwa majirani wote walifanya hivyo. Tena muuza dawa alikuwa amemshauri achanganye aina mbili kwenye pampu moja ili ishike vizuri.

Jumatano jioni Mwalimu Bonface, msimamizi wa chakula cha shule, alibisha hodi. Mtu aliyekuwa akiwaletea mboga alikuwa amekwama, kwa hiyo mwalimu akaomba magunia mawili ya sukuma kesho yake asubuhi. Kamene alifurahi mno. Shule ikizoea mboga zake, hatahangaika tena kuzikimbiza sokoni. Alikubali papo hapo.

Mwalimu alipoondoka, Mwikali aliingia stoo akaokota chupa ya dawa. Kwenye lebo, kwa maandishi madogo kama sisimizi, iliandikwa usivune kabla ya siku saba. Alihesabu kwa vidole. Kufika kesho zitakuwa mbili tu. Akisema, mama atakosa soko alilolitamani. Asiposema, shule nzima itakula ile dawa.

Alirudi jikoni. Kamene alikuwa akikatakata sukuma zenye matundu.

"Mama, zile za shambani sisi hatuzili, sivyo?"

"Hizo ni za kuuza," Kamene alijibu bila kuinua macho. "Siwezi kuwalisha watoto wangu dawa."

"Na Musau anakula wapi mchana?"

Kisu kilisimama. Musau, kitinda mimba wa Kamene, alikuwa chekechea katika shule ile ile. Kila mchana alipanga foleni na sahani yake ya bluu, na dada yake vilevile.

Kamene hakugomba. Alipangusa mikono, akachukua simu. Mwikali alimsikia akimweleza mwalimu kila kitu kwa sauti ya chini, hata ile habari ya kuchanganya.

"Nisamehe, Mwalimu," alimalizia. "Mboga zangu hazifai kesho. Lakini niko na nusu gunia la ndengu safi. Nitaleta hizo."

Alhamisi watoto walikula ndengu, na Titus akarudi kwa mpishi kuomba nyongeza.

Wiki hiyo hiyo Kamene alimwita Bi. Ndila, afisa wa kilimo. Bi. Ndila aligeuza majani moja moja na kupata viwavi watatu tu.

"Hawa ni wa kuokota kwa mkono, Mama Mwikali," alisema. "Pampu ya nini?"

Kuhusu mchanganyiko ule, alisema hakuna lebo inayojua siku zake, kwa hiyo majani yote yaliyopigwa yang'olewe, yafukiwe, wangoje mapya. Kamene aliyang'oa huku moyo ukimuuma, lakini aliyang'oa.

Majani mapya yalipokomaa yalikuwa na matundu machache. Kamene alipika ya kwanza nyumbani, wakala wote, ndipo akapeleka magunia mawili shuleni. Mwalimu Bonface aliyapokea kwa mikono miwili, akaagiza mengine ya wiki iliyofuata.

Jioni hiyo Kamene alimpa Mwikali kipande cha katoni na kalamu.

"Nilikuwa na tuta moja la watoto wangu na shamba zima la watoto wa wenzangu," alisema. "Mtoto ni mtoto. Andika, tutundike juu ya pampu, nisije nikasahau."

Mwikali akaandika:

Usipige dawa kabla ya kugeuza majani na kuona wadudu.
Usichanganye dawa mbili kwa ushauri wa muuzaji tu.
Usivune kabla siku za lebo hazijaisha.
Usipige dawa wakati wa upepo, wala watoto wakiwa karibu.
Usioshee pampu kwenye mfereji.
Usitie maji ya kunywa wala maziwa kwenye chupa tupu ya dawa.
Usimuuzie mtu mboga usiyoweza kumpakulia Musau.