Kamba ya Kisima cha Mama

Mzee Mubarik alikutwa kifudifudi ghalani mtaa wa Nechells, ughaibuni, kisogo kimepasuka, kando ya pampu ya kisima iliyokuwa isafirishwe kwenda Kenya asubuhi hiyo. Spana yenye damu ilikuwa chini ya meza. Alama za vidole zimefutwa.

"Ile kamba yake ya kupimia visima iko wapi?" Inspekta Asmahan, Mzanzibari asiye na porojo, alimuuliza Ifrah, binti wa marehemu.

"Haimo mkobani. Na leo ndipo angeionyesha kwenye mkutano wa watu wa kwetu wanaotuma pampu."

Kila mwaka Mubarik alirudi kwao Kenya, mji wa jangwani uliozidi kunenepa kwa majumba na visima. Huko alitumbukiza kisimani kamba ya marehemu baba yake kupima kina cha maji. Maji yakishuka, aliunga kipande kipya. Safari hii aliapa kuwazuia wenzake wasipeleke pampu nyingine.

Sanduku la pampu lilikuwa na jina la Keinan, mdogo wa marehemu. Asmahan akaenda kwake, mtaa wa Bordesley Green, na hati ya upekuzi mkononi.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, madam. Sikutoka."

"Kamba ya kaka yako?"

"Sijaiona."

Uongo mtupu! Ilikuwa juu ya kabati, imekunjwa vizuri, ina damu.

"Mbona hukuitupa? Pipa la taka liko mlangoni."

Keinan akakaa. "Kamba ya kisima kwetu haitupwi. Baba alituapisha."

"Ulimuua kwa nini?"

"Majirani wote wana pampu, madam! Wamefyonza, wamefyonza, kisima cha mama kimebaki tope. Ana miaka themanini, anaomba maji kwa watu! Nilitaka moja tu, ya mama. Mubarik akasema hao wote pia walitaka moja tu. Akalishika sanduku la pampu, hataki kuliachia. Nikampiga."

Asmahan akaikunjua kamba sebuleni, akaipima. Kipande cha mwisho kilikuwa cheupe, kipya.

"Hiki alikiunga lini?"

"Mwezi uliopita. Kisimani kwa mama."

"Mita mia moja na kumi kuyafikia maji. Bomba la pampu yako, kwa maandishi ya sanduku, linafika themanini. Hakukwambia?"

"Alinisihi nipime kwanza. Sikupima."

Ole wake! Kaka kaenda, na pampu yenyewe isingetoa hata tone.

Pingu zikafungwa. Simu ya Keinan ikaita mezani, jina kiooni: Mama. Asmahan alisita, kisha akaipokea kwa spika.

"Keinan, mwanangu, pampu imeshaondoka? Na Mubarik, mbona hapokei simu?"