Pumzi Nyuma ya Ngoma

Jirani yetu alikuwa fundi rangi, na jina la Msasa alilipata kwa sababu hakupaka ukuta kabla hajausugua ukawa laini kama shavu la mtoto. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye vumbi jeupe la kudumu kwenye nyusi, kapera wa miaka thelathini na tisa. Watu wakimuuliza ataoa lini, aliwajibu, "Ngojeni kwanza rangi ikauke." Haya yaliyompata alinisimulia mwenyewe, tukiwa tumekaa barazani kwake, na hakuwahi kuyabadilisha hata neno.

Kazini hakuachana na muziki. Simu ilikaa mfuko wa ovaroli, waya ukapita ndani ya shati hadi masikioni. Lakini hedifoni zake zilikuwa za kuokoteza barabarani. Upande wa kushoto haukusema mpaka waya ukunjwe na kubanwa kwa raba, na hata ukisema, mwimbaji alisikika kama ametumbukia kwenye ndoo ya rangi. Msasa hakujali. Aliimba naye kwa sauti kubwa, hana hili wala lile, na waliokuwa nyumba ya pili wakafunga madirisha.

Aliyemwonea huruma ni kaka yake.

Huyo kaka alikuwa fundi simu, mwenye kibanda cha vioo karibu na kituo cha mabasi. Mama yao alipofariki, Msasa alikuwa na miaka tisa, na mdogo wao wa kike, waliyemwita Kitinda, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kaka ndiye aliyewalea. Ndiye aliyekwenda shuleni kusimama mahali pa mzazi, ndiye aliyemfundisha Msasa kunyoa ndevu. Msasa hakuhama nyumba wala hakuchukua kazi kubwa bila kupita kwanza kibandani kumwambia.

Mwaka ule kaka alikuwa hajiwezi. Alikonda hadi saa ikamcheza mkononi. Alikuwa akiongea na mteja, mara ananyamaza katikati ya neno na kuinamisha kichwa upande, kama anayeitwa na mtu aliye chumba cha pili. Hospitali walimchungulia masikio wakasema ni masafi, hayana tatizo lolote. Mkewe akiulizwa hali ya mume, aliangalia chini.

Basi Jumatatu moja asubuhi akampigia Msasa simu. "Pita hapa. Nimekuwekea kitu chako."

Msasa alipofika, kaka alifungua droo akatoa kiboksi cha duara cha ngozi. Ndani mlikuwa na hedifoni ambazo Msasa hakuwahi kuziona ila kwenye picha. Zilikuwa za chuma cheusi, nzito kiganjani, waya wake umesukwa kama nywele.

"Kaka! Hizi si za watu wakubwa?"

"Umeteseka vya kutosha na yale makopo yako," kaka akasema. "Zipokee. Sema umezipokea."

Msasa akacheka. "Nimezipokea, kaka."

"Sema ni zako."

"Ni zangu. Mbona leo unanifungisha ndoa?"

Kaka hakucheka. Alikaa chini polepole kwenye kigoda, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Halafu machozi yakamtoka. Msasa alidhani ni furaha ya kutoa.

Siku hiyohiyo alikuwa na kazi ya nyumba ya vyumba vitatu, mtaa wa nyuma. Wapangaji walikuwa wamehama, na mama mwenye nyumba alitaka ipakwe upya yote. Vyumba vilikuwa vitupu, vyenye mwangwi, na jua liliingia madirishani bila pazia. Msasa alipanda ngazi, akazivaa zile hedifoni, akaweka wimbo alioupenda tangu ujana.

Akashuka ngazi. Akakaa sakafuni.

Wimbo alioujua kwa miaka ishirini, kumbe hakuwahi kuusikia. Alisikia kucha ya mpiga gitaa ikikwaruza uzi. Alisikia mwimbaji akimeza mate kabla ya ubeti wa pili. Na hakusikia sauti tu, aliiona na nafasi yake. Akifumba macho, alijua ngoma ziko nyuma kabisa, gitaa liko kulia, besi iko karibu na ukuta, na mwimbaji amesimama mbele yake hatua mbili. Alisema alijiona kama amefunguliwa mlango wa nyumba aliyozoea kuichungulia kwa tundu la ufunguo. Akampigia kaka simu kumshukuru. Haikupokelewa.

Jumatano alisikia mtu akikohoa.

Kikohozi kidogo, kikavu, nyuma ya ngoma. Akatabasamu. Akajiambia ni mmoja wa wanamuziki, siku ya kurekodi. Akaweka wimbo mwingine, wa bendi nyingine, wa miaka mingine kabisa. Kikohozi kilekile. Palepale nyuma ya ngoma.

Aliweka wimbo usio na ngoma. Mwanamke peke yake na kinanda. Nyuma ya mwanamke yule, mbali, upande wa kushoto, kulikuwa na mtu anapumua.

Alhamisi, pumzi ilikuwa imefika kwenye ngoma. Ijumaa ilikuwa imelipita gitaa. Msasa hakuwa mtu wa kuogopa upesi, lakini masikio yake sasa yalijua kupima umbali, na yalimpimia bila kukosea. Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwa kali, mwimbaji alikuwa hatua mbili mbele yake kama kawaida. Na kati yake na mwimbaji alisimama mtu.

Akazivua. Akaziweka kwenye kizingiti cha dirisha.

Chumba kikawa kimya. Nje, gari lilipita. Mwanamke alimwita mtoto. Msasa alichovya brashi, akainua mkono kupaka.

Pumzi. Sikio la kushoto. Ya uvuguvugu.

Aligeuka hadi akamwaga ndoo. Hakukuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na rangi inayotambaa, na nyayo zake mwenyewe. Alikimbilia begi, akatoa zile hedifoni za zamani, akazivaa kwa haraka ili asikie chochote kingine, kelele yoyote. Hakuwa amekunja waya, hakuwa amefunga raba. Na upande wa kushoto, ule uliokuwa hausemi, ulikuwa unapumua.

Jumapili yote alikaa kwake, amejaza pamba masikioni. Pamba haikusaidia kitu. Pumzi ilikuwa ndani ya pamba.

Jumatatu ile sauti ikasema.

Alikuwa ananawa uso. Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomkata maini. Ilikuwa sauti aliyoipenda kuliko zote duniani, sauti iliyomwamsha kwenda shule. Ilikuwa sauti ya kaka yake, inanong'ona, inabembeleza, kama mtu anayejadiliana na mwenzake gizani.

"Si mke wangu. Wala wanangu, tafadhali. Yupo mdogo wangu. Mchukue yeye. Hataniuliza kitu, yule ananiamini. Hata nikimpa sumu atasema asante kaka."

Ikanyamaza. Ikarudia tangu mwanzo. Ikarudia tena.

Msasa hajui alifikaje kibandani. Anachokumbuka ni kwamba kaka alikuwa amenawiri. Mashavu yamejaa, anacheka na mteja, saa imemkaa mkononi. Alipomwona mdogo wake, kicheko kikakatika. Alimaliza na mteja, akarudisha mlango.

Msasa aliweka kile kiboksi juu ya kioo. "Narudisha."

Kaka akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto anayekataa kuchapwa. "Sipokei."

"Kaka, ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti ilikuwa ndogo. "Kuna mtu wa ukoo wetu alizileta kutengenezwa. Akaniambia, zikikushinda kutengeneza ni zako. Nikasema asante. Mwaka mzima, mdogo wangu. Mwaka mzima sikulala. Nilimpa mlinzi wa kituo, sauti ikanirudia. Nikampa mteja, ikarudi. Haimwendei mtu baki. Inataka jamaa, na zaidi mliyenyonya naye ziwa moja."

"Ukanitaja mimi."

"Mimi nina wanangu. Wewe huna mtu."

Msasa aliniambia kwamba hilo ndilo lililomuumiza, kuliko ile pumzi. Alishika ukingo wa meza. Shemeji yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia la kibanda muda wote, na sasa alijitokeza, khanga mdomoni.

"Nilimwambia asifanye," alisema. "Nilimwambia atafute mwingine."

"Mwingine nani, shemeji?"

Kaka ndiye aliyejibu, akiwa anaangalia sakafu.

"Kitinda yupo."

Msasa alichukua kiboksi chake akatoka, na nyuma yake akasikia kaka akishusha komeo. Mchana kweupe, na wateja wamesimama nje.

Siku tatu alijifungia. Sauti haikuchoka. Mara ilikuwa ya kaka, ikisema yaleyale. Mara ilikuwa pumzi tu, inangoja. Siku ya tatu ikabadilika. Ikamuuliza, kwa sauti yake yeye mwenyewe Msasa: "Nimpate nani?"

Siku ya nne Kitinda akaja. Alikuwa msusi, mwanamke wa maneno mengi, na kila wiki alipita kumfulia kaka yake mapazia na kumsema kwa uchafu. Alisukuma mlango akicheka. "Kaka Msasa, umekufa humu ndani? Nimeambiwa kazini huendi." Halafu akakiona kiboksi mezani, kimefunguka. "Jamani! Hizi umezitoa wapi? Na mimi saluni naumwa kichwa na redio ya mwenzangu. Nipe hizi, kaka. Sema tu ni zangu."

Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

Ilimtosha kusema neno moja. Neno moja tu, na angelala usingizi usiku ule. Sauti sikioni ilikuwa imeacha hata kupumua, inasikiliza.

Msasa alimpiga kibao mkononi.

Kitinda alirudi nyuma hadi mlangoni. Hakuwa amewahi kuguswa na kaka yake huyu ila kwa kubembelezwa. Alimtazama, midomo ikamcheza, macho yakajaa. "Kwa hedifoni?" aliuliza. "Umenipiga kwa ajili ya hedifoni?" Akaondoka bila viatu. Msasa hakumfuata kumweleza, kwa sababu alijua akieleza, Kitinda atamhurumia, na akimhurumia atataka kumsaidia kubeba.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye ile nyumba tupu. Aliingia chumba cha mwisho. Akatindua ukuta kwa patasi, urefu wa kifua, shimo la kutosha ngumi mbili. Akaziweka hedifoni ndani, zile nzuri na zile za barabarani pia. Akakoroga saruji.

"Nimpate nani?" sauti ikauliza.

Akaziba.

"Nimpate nani?"

Akalainisha kwa mwiko. Akangoja likauke, akasugua kwa msasa, polepole, kama anavyosugua siku zote. Akapaka rangi. Mikono mitano ya rangi alipaka siku ile na iliyofuata, nyeupe juu ya nyeupe. Na kila mkono sauti ikamuuliza, mara kwa sauti ya kaka, mara ya Kitinda, na mwisho kwa sauti ya mwanamke ambayo hakuwa ameisikia tangu ana miaka tisa.

Kwa sauti hiyo, Msasa alilia. Akaegemeza paji la uso ukutani.

"Hakuna," akasema. "Inaishia kwangu."

Brashi ikamponyoka. Aliiona ikianguka. Aliiona ikigonga sakafu, ikidunda, ikirusha matone hadi kwenye suruali yake.

Hakuisikia.

Tangu siku hiyo Msasa hasikii kitu. Hospitali walimchungulia masikio wakasema ni masafi, hayana tatizo lolote. Kazi anaifanya kama zamani, na wenye nyumba wanasema imekuwa nzuri zaidi, kwa kuwa haimbi. Kitinda alikuja kujua ukweli kupitia kwa wifi yake, mke wa kaka, akamwendea Msasa mbio, akampigia magoti. Sasa anaishi naye, na wanaelewana kwa mikono na macho.

Kaka naye alikuja, mara moja tu. Nilikuwepo. Alisimama uani, mtu mzima yule, akaomba msamaha kwa sauti iliyowatoa majirani majumbani. Alitaja mama yao. Alitaja kamasi alizompangusa. Alilia hadi sauti ikamkauka. Majirani wote walimsikia, wengine wakalia naye. Msasa alisimama akimtazama mdomo unavyofunguka na kufungwa, halafu akainama, akaendelea kuosha brashi zake.

Ile nyumba nimeingia mimi mwenyewe, mama mwenye nyumba alipoanza kulalamika kwamba chumba cha mwisho hakipangishiki. Ni ukuta mzuri, mweupe, mnyoofu. Rangi imekauka kote isipokuwa mahali pamoja, urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama, juu kidogo ya palipozibwa. Pana unyevu pale, mduara usiozidi kiganja. Wamepakwangua, wamepapaka upya, unarudi.

Niliweka mkono. Pana uvuguvugu, kama mahali mtu alipoegemeza shavu kwa muda mrefu.

Ila joto lenyewe linatoka upande wa ndani.