Karai la Wali wa Kichina

Bajaji ilikuwa imeshaanza kwenda, na mama Evod bado alikuwa ametoa kichwa nje akitoa amri.

"Agnella! Kuku wasiingie jikoni! Evod avue hilo shati la komunyo kabla hajalichafua! Na lile paja kwenye sufuria kubwa asiliguse mtu. La msimamizi wa Evod hilo. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama!"

Bajaji iliruka shimo, ikapinda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ikapotea. Mama alikuwa anakwenda msibani Kiberege.

Getini alibaki Barnaba, mchoma nyama wa Lipangalala, na mfuko wa salfeti begani. Jana yake alikuwa amechoma mbuzi wa sherehe ya komunyo ya kwanza ya Evod. Mtaa ule una utaratibu wake. Aliyechoma nyama ya sherehe huondoka na shingo la mnyama, lakini halichukui siku ileile. Hulifuata kesho yake, wageni wakishaondoka, ili asionekane mtu wa kutanguliza tumbo lake. Kwa hiyo Barnaba alikuwa amefuata chake, na mama alikuwa amempa kwa mikono miwili.

"Haya, mwanangu, kaa salama," Barnaba alimwambia Agnella. "Mimi najikongoja. Nitapumzika pale kijiwe cha bodaboda, goti linanisumbua."

"Haya, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyo mdogo wako mwambie aache kupiga watu. Jana tu kapokea komunyo."

Kweli, huko uani Evod alikuwa anamrushia mateke Jenifer, binti wa mjomba wao aliyetoka Morogoro kwa ajili ya sherehe. Jenifer alikuwa amemnyang'anya simu. Evod akamng'ata mkono, Jenifer akampiga kofi la sikio, na Agnella akafika na mwiko akawachapa wote wawili. Ndivyo walivyozoea. Katika nyumba ile mambo mengi yaliamuliwa kwa mkono. Mkanda wa baba yao, Apolinari, ulining'inia kwenye msumari juu ya mlango wa sebuleni. Ukiingia unauona, ukitoka unauona.

Njaa ilipowashika wakafunua sinia. Wali wa jana ulikuwepo, mkavu, umeshikana mabonge.

"Kiporo mtakila hivihivi?" Jenifer alicheka. "Nyie wa Ifakara mnalima mpunga tu, kuula hamjui. Sisi tunaukaanga Kichina, kama ule wa kununua kwenye vibakuli."

"Unajua kuupika?" aliuliza Agnella.

"Sijui? Tena wali wa jana ndio wenyewe. Ukitumia wa moto unakuwa uji." Akatoa mkobani kichupa cha sosi ya soya, nyeusi kama oili chafu.

Agnella alipenda kupika kuliko kitu chochote. Aliwahi kuonja wali wa namna hiyo vijiko viwili tu, kwenye harusi mjini, na ladha yake haikumtoka. Akalowesha vidole, akatenganisha mabonge punje kwa punje. Akakata karoti na hoho vipande vidogo kama kucha, akaponda tangawizi na kitunguu saumu. Jenifer akapepea mkaa mpaka ukawa mwekundu wote.

"Sasa nyama," alisema Jenifer. "Bila nyama ya kuchoma huo si wa Kichina, ni wa mgonjwa."

"Iliyopo ni ya msimamizi."

"Kipande kimoja, nani ataona? Kata kwa ndani, upande wa mfupa."

Agnella akakata kwa ndani. Nyama ilikuwa imekauka vizuri, ina moshi wa mkaa na chumvi. Akakata kingine ili pande zilingane. Zikakataa kulingana. Akakata tena. Evod, ambaye paja lile liliwekwa kwa heshima ya msimamizi wake mwenyewe, akasema, "Nitawasema kwa baba." Akaahidiwa sahani iliyojaa, akanyamaza. Mwisho mkononi mwa Agnella ukabaki mfupa, na mfupa ukarushwa nje ya ua. Mbwa wawili wakaugombea kwa meno.

Hapo hakukuwa na la kurudisha, basi wakapika. Mayai yakatangulia kwenye mafuta ya moto, yakavurugwa, yakatolewa. Nyama ikafuata mpaka kingo zake zikawa ngumu na mafuta yake yakatoka. Kisha tangawizi, karoti na hoho, kisha wali wote. Agnella aligeuza haraka bila kuuacha ulale chini, akamwagia sosi pembeni mwa karai, pale penye moto mkali, ikalia tsss, na harufu ikajaa ua mzima. Mayai yakarudi. Wali ukawa wa kahawia, kila punje imesimama peke yake. Kwa haki ya Mungu ulikuwa umepikwa vizuri.

Hawakuuonja. Pikipiki ya baba ilinguruma getini.

Apolinari alikuwa ametoka alfajiri kumfuata msimamizi, mzee Amedeus, ambaye hakuiwahi sherehe, na sasa alikuwa amempakia nyuma. Agnella akashika karai kwa kitambaa, akalikimbiza chumbani, akalisukuma chini ya kitanda. Aliporudi, baba alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa na mfuniko mkononi.

"Paja liko wapi?"

Baba akatazama mlangoni, kwenye msumari. Agnella naye akatazama huko, na mdomo wake ukasema kabla hajaufunga.

"Mwizi, baba."

"Mwizi gani?"

"Alipita mtu... ana mfuko wa salfeti. Tulikuwa uani."

Hakusema jina. Alifikiri kwamba asipotaja jina, hakuna atakayeumia. Alifikiri mtu mwenye mfuko yuko mbali, na kwamba baba atafoka, kisha hasira itapoa.

"Apolinari," mzee Amedeus alisema, "nyama ni nyama tu. Tukae tule ugali na mlenda."

Lakini Apolinari alikuwa ameaibika mbele ya mgeni wake. Akatoka mbio mpaka barabarani, akapaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyo! Ana mfuko wa salfeti, kaiba paja la mbuzi!"

Neno hilo likitamkwa barabarani, wanaolisikia hawaulizi. Pale kijiweni Barnaba alikuwa ameketi kwenye gogo, amenyoosha goti, mfuko uko kati ya miguu yake. Kijana mmoja kinyozi, Gasper, aliutazama mfuko, akaona mafuta yamelowesha chini. Akaunyakua, akaufungua.

"Nyama ya kuchoma! Huyu hapa!"

"Ni shingo langu," Barnaba alisema. "Mama Evod kanipa. Mimi ndiye niliyemchoma huyo mbuzi, si mnanijua?"

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Ya pili hakuiona ilikotoka. Alipoanguka wakaja wa mateke, na wa mateke walipochoka wakaja wa fimbo. Wengine walikuwa wamepita tu, hawakujua hata kilichoibwa. Mwanamke mmoja alimpiga kwa kandambili huku mtoto yuko mgongoni. Gasper akaokota tofali, likampata juu ya jicho la kushoto, na damu ikafunika uso wote.

"Angalieni!" Barnaba alipiga kelele kutoka chini. "Angalieni mfupa! Ni shingo, paja halina pingili! Angalieni jamani!"

Hakuna aliyeangalia. Apolinari alifika akihema, akamtambua, na badala ya kuwazuia watu akapandwa na hasira mpya. "Barnaba! Wewe niliyekufungulia nyumba yangu!" Akampiga teke la ubavu.

"Tairi!" mmoja akaita. "Leteni tairi!" Mwingine alikuwa ameshaanza kunyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi la pikipiki yake.

Evod ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Alikuwa ameyaona yote akiwa juu ya ukuta. "Ni babu Barnaba! Wanamuua! Dada, wanatafuta tairi!"

"Nyamazeni," Jenifer alinong'ona. "Tukisema, baba yenu atatuua sisi."

Agnella aliwaza mkanda. Ulikuwa palepale juu ya mlango. Kisha akainama chini ya kitanda. Kitambaa hakukiona, hakukitafuta. Akashika karai la chuma kwa mikono mitupu, lingali la moto wa mkaa, akapita chini ya msumari, akatoka.

Alikimbia. Ngozi ya viganja ilishikana na chuma. Kwenye kundi hakuna aliyempisha, akapenya kwa kichwa na mabega, fimbo moja ikamshukia mgongoni, akasonga. Akalitua karai karibu na kichwa cha Barnaba, punje zikaruka kwenye damu.

"Paja hili hapa!" alilia. "Baba, nyama hii hapa! Nimeikata mimi, nimeikaanga na wali! Hakuna mwizi! Nimedanganya!"

Fimbo zilibaki juu. Kila mtu alitazama wali ule wa kahawia, mayai ya njano, karoti, na vipande vya nyama vilivyokatwa kwa ustadi. Mwenye petroli akauficha mpira nyuma ya mgongo. Watu wakaanza kuondoka, mmoja kushoto, mwingine kulia, kama hawakuwahi kuwepo.

Apolinari alimgeukia binti yake, mkono umeinuliwa. Barnaba akamshika kifundo cha mguu.

"Usipige," alisema kwa mdomo uliopasuka. "Leo imetosha."

Balozi wa mtaa, mama Bibiana, alifika na polisi. Barnaba alipakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali, Agnella akawekwa pembeni yake na viganja vyake vilivyochunika.

Alipoweza kuzungumza, Barnaba aliomba aletewe mtoto yule. Agnella alikuja na mikono imefungwa bandeji nyeupe kama magunzi. Apolinari, aliyetoka kwa dhamana, alisimama mlangoni mwa wodi, hakuthubutu kusogea.

"Nisamehe, babu."

"Kaa hapo. Ungesema 'nimekula', ungepigwa viboko, ungelia, kesho ungecheza. Ulisema 'mwizi', na mimi nimepigwa na watu niliowachomea nyama juzi. Mwingine nilimkatia kipande cha ini mimi mwenyewe." Akavuta pumzi kwa sababu ya mbavu. "Uongo wako ulikuwa mdogo ulipotoka kinywani. Ulipofika barabarani ulikuwa na tofali mkononi. Mwanangu, ukikosea, sema hapohapo, hata kama unatetemeka. Ukingoja, atakayelipa ni mwingine."

"Ndiyo, babu."

"Lakini ulikuja. Hilo nalo nimeliona, kwa hili jicho lililobaki." Kisha akamwita yule wa mlangoni. "Na wewe, Apolinari, ingia. Mtoto anayeuogopa mkanda kuliko anavyouogopa uongo, nani alimfundisha? Ukisikia mwizi, shika mtu, angalia mfuko, peleka kwa balozi. Ungetazama ule mfupa, na mimi ningeitazama kesho kwa macho mawili."

Apolinari alipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, mbele ya binti yake na wagonjwa wengine. Jioni ile aliuondoa mkanda ule, akang'oa na msumari.

Barnaba hakuona tena kwa jicho la kushoto. Bado anachoma nyama Lipangalala, ila anapotazama moto hugeuza kichwa kama kuku, na shingo lake siku hizi hulichukua siku ileile ya sherehe, mbele ya watu wote. Gasper alifungwa. Aliyekuwa na petroli alihamia Mlimba, hakurudi. Apolinari alipewa kifungo cha nje, akafagia soko kila asubuhi mpaka muda wake ukaisha. Mzee Amedeus alikula ugali na mlenda siku ile, akarudi kwake. Jenifer alipelekwa Morogoro kesho yake na hajaalikwa tena. Evod hapigi watu sana. Agnella yuko sekondari. Viganja vyake vina makovu laini yasiyo na mistari. Kila Jumapili baada ya misa humpelekea Barnaba chakula, na chakula anachokitaka mzee ni kilekile, wali wa jana uliokaangwa kwa nyama ya kuchoma.