Mwanamke Asiye na Uso

Begoña na Fermín walianza kwa kugombana, tena mbele ya watu wasiopungua hamsini. Begoña, skafu nyekundu kichwani na aproni iliyotapakaa rangi, alikuwa na kibali cha kunakili picha za kale katika jumba moja kubwa la sanaa huko Madrid. Fermín, mlinzi wa ukumbi, mrefu, sare yake ya kijivu imepigwa pasi ikanyooka, alimwamuru arudi nyuma hatua mbili. Akarudi moja. Mchana wakajikuta foleni moja ya kununua mikate iliyojazwa ngisi wa kukaanga, wakacheka, na baridi ilipokwisha walikuwa wapenzi.

Lakini mapenzi gani hayo? Walinzi hawaruhusiwi kupiga soga kazini. Kutwa Fermín alisimama hatua nne kutoka kwake, kimya kama hamjui, halafu jioni simu haziishi: umefika, mpenzi, umekula, mpenzi. Begoña alikuwa ameanza kuchoka.

Jumanne alikuja kuchora uso wa mwanamke mwenye mtungi, sehemu pekee iliyobaki katika picha aliyokuwa akiinakili. Akakuta ukuta mtupu na kikaratasi: picha imeazimwa Tokyo mpaka Oktoba. Naye nakala yake ilitakiwa Ijumaa kwenye karakana ya kukarabati picha, wampime kama anafaa kuajiriwa. Alimtazama Fermín. Fermín akatazama viatu vyake.

Jioni simu ilipolia, Begoña hakungoja salamu.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki mbili. Tumekatazwa kusema."

"Siku tisa nahangaika na mtungi, wewe unaniangalia tu. Ungenidokeza, ningeanza na uso."

"Ningefukuzwa, mpenzi."

"Mpenzi wako ni huo ukuta."

Akakata. Fermín alipiga mara kumi na moja, hakupokelewa.

Ijumaa karakana ilimrudishia Begoña nakala yake isiyo na uso kwa adabu, na nafasi akapewa mwingine. Akaenda jumbani kukusanya vitu vyake. Ukumbi ulikuwa umefurika watalii, na msimamizi, Bi Úrsula, alikuwa mlangoni. Fermín aliacha nafasi yake akamfuata Begoña.

"Nilikukosea," alisema, sauti wazi, watu wakageuka. "Ningeweza kusema, nikaogopa. Nataka kukuoa, Begoña."

"Unaongea kazini."

"Naongea."

Bi Úrsula akamwita Fermín mara mbili. Hakugeuka.

Begoña alitamani kumpiga kwa brashi. Kazi aliyoiota miaka mitano imepotea, na huyu ndiyo kwanza amepata ulimi.

"Nitakulaumu mwaka mzima," akasema.

"Nilaumu."

"Na ukijua jambo linalonihusu, naambiwa siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo."

Bi Úrsula alikuwa ameshaanza kuja. Begoña akamkabidhi Fermín sanduku zito la rangi.

"Basi nibebee hili mpaka nje," alisema. "Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe vizuri."